Mama Kadi na Maana Tisini na Saba za Neno Moja

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, Mtafsiri Mkuu wa idara yetu atafunga kabati la chuma, atamkabidhi mlinzi wa mlangoni kitambulisho chake, na atakuwa amemaliza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa ya utumishi. Hesabu hiyo ya siku nimeifanya mimi. Yeye mwenyewe hajawahi kuhesabu.

Kwenye barua za ofisi ana jina refu lenye cheo mbele. Sisi sote, kuanzia Mkurugenzi hadi mama anayeosha vikombe, tunamwita Mama Kadi, na hata wateja wakipiga simu humuulizia kwa jina hilo. Mimi nimefanya kazi naye kwa miaka thelathini na mmoja, karibu yote kwenye meza inayotazamana na yake, ukitoa mwaka mmoja ambao nitaueleza. Wasifu wa mstaafu katika jarida hili kwa kawaida huandikwa na mtu asiye na lake moyoni. Mimi ninalo, kwa hiyo bora niliseme mapema msomaji asije akaligundua mwenyewe katikati: nimemwonea wivu mwanamke huyu tangu nikiwa na nywele zote kichwani.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kama mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuchukua tafsiri zetu zilizoandikwa kwa mkono, maelekezo ya mashine, karatasi za dawa, matangazo ya idara za maji na umeme, na kuzipiga chapa safi bila kuuliza swali. Mimi nilikuja miaka mitatu baadaye nikiwa na shahada ya lugha, tai mbili, na kalamu ya wino niliyozawadiwa na baba mdogo siku ya mahafali. Nilikuwa mtafsiri, yeye mpiga chapa. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu dunia ilikuwa imekaa sawa.

Ikaja karatasi ya dawa ya watoto. Ndani yake kulikuwa na sentensi fupi kuhusu mtoto mwenye kitu ambacho Kiingereza kilikiita "the runs". Neno "run" nililijua tangu darasa la kwanza, kila mtu analijua, ni kukimbia. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Iwapo mtoto ana mbio, mpe kijiko kimoja asubuhi na jioni." Nikapeleka kwenye chumba cha mashine, nikarudi kunywa chai.

Haikupita dakika kumi akasimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Kaka, samahani. Mtoto mwenye mbio tunampa dawa ya nini? Ya kumtuliza?"

Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa.

"Sawa. Ila hapa juu imesema dawa ni ya tumbo. Na hapa chini imesema mama ampe mtoto maji mengi. Mimi nimelea wadogo zangu watatu, kaka. Mtoto anayepewa maji mengi si yule anayekimbia uwanjani. Ni yule anayekimbilia chooni."

Watafsiri wawili wakubwa waliokuwa chumbani walicheka hadi mmoja akavua miwani. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshampigia simu nesi wa zahanati ya jirani kuhakikisha, na nesi amemwambia ni kuharisha, tena akaongeza kwamba kina mama wengi husema "tumbo linamwendesha". Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa anapita koridoni. Akaingia, akaisoma ile karatasi, akaniangalia, akamwangalia yeye. Wiki iliyofuata mpiga chapa aliletewa meza, ikawekwa mbele ya yangu. Kwa hiyo katika utumishi wote wa Mama Kadi, mtu aliyemfungulia mlango ni mimi, kwa mbio za mtoto mmoja. Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa hilo.

Siku aliyohamia alichukua boksi tupu la viatu na rundo la kadi nyeupe. Kwenye kadi ya kwanza akaandika "run", chini yake "kuharisha", na chini kabisa jina la kazi ya aliyemfundisha: nesi. Kadi ya pili ilikuwa ya kukimbia kwenyewe. Niliona kama mchezo. Sote tulikuwa na kamusi mezani, nene, zenye majalada ya ngozi. Yeye akasema kamusi inamwambia neno maana yake nini, ila haimwambii watu wanasemaje, na fundi hasomi maelekezo akiwa na kamusi mfukoni.

Basi akawa anatoka. Sentensi ikimshinda, anavaa viatu, anakwenda kumtafuta mwenye kazi yake. Kwa dobi alikwenda na shati jekundu lililotia madoa nguo nyeupe, akauliza hiyo inaitwaje. "Inachuja," dobi akamwambia, na akamtazama kama mtu asiyejua kufua. Kwa mshona nguo alipeleka soksi ndefu ya kike yenye mstari ulioshuka hadi kifundoni, akaambiwa imefumuka. Fundi magari alimwambia injini inanguruma, na ikinguruma vibaya inakohoa. Nesi alimpa pua inayochuruzika. Akapata maji yanayofunguliwa bombani, duka linaloendeshwa, mtu anayegombea uwenyekiti, basi linalofanya safari mara mbili kwa siku, mkataba wenye muda wa miaka mitatu, mmea unaotambaa ukutani, barabara inayopita nyuma ya shule, sukari iliyotuishia, shemeji uliyekumbana naye sokoni bila kutarajia, upara wanaorithishana wanaume wa ukoo mmoja, mwili unaosisimka. Kwa Kiingereza vyote hivyo ni neno lile lile moja la herufi tatu. Kila jioni aliingiza kadi mpya kwenye boksi, na mimi niliitazama kila kadi ikiingia.

Niliitazama kwa sababu nilikuwa nahesabu. Ilipofika kadi ya arobaini nami nikaanza zangu. Nilichagua neno "set", kwa kuwa nilisoma mahali kwamba nalo lina maana nyingi mno, na nikaamua kumpita. Nilifika sitini na moja. Zangu nilizitoa zote kwenye vitabu, nikazipanga kwa alfabeti, nikazichapa kwa herufi za mlazo. Ziko kwenye kitabu cha maneno cha idara hadi leo, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniuliza hata moja. Za kwake zimechakaa pembeni kwa kushikwa.

Mkurugenzi wa pili alipokuja, mtu wa haraka haraka, aliuliza kwenye kikao cha idara inakuwaje mfanyakazi mmoja ashughulike na neno moja kwa miaka mitano.

"Kwao ni moja, mzee," Mama Kadi akamjibu. "Kwetu mpaka jana yalikuwa sabini na mawili."

Kikao kizima kilicheka, na mkurugenzi naye akacheka. Mimi jibu kama hilo hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani, navua soksi.

Wasifu wa haki hutaja na kasoro. Mama Kadi hunyonya peremende kwa sauti. Huacha dirisha wazi hata siku za vumbi. Hakubali kushindwa: mwaka mmoja alininunia wiki mbili kamili kwa sababu ya koma moja, na koma yenyewe nilikuwa sahihi mimi. Akifurahi hupiga meza kwa kiganja na chai ya jirani humwagika. Hana kumbukumbu ya siku za kuzaliwa za watu. Nimekuwa na muda wa kutosha kuandaa orodha hii, na inanisikitisha kwamba inaishia hapa.

Hata nyumbani kwangu sikuwa salama. Tulinunua jiko la gesi, mke wangu akakaa chini na karatasi ya maelekezo, akaisoma mwanzo hadi mwisho, akaliwasha jiko bila kuniita. Nikamuuliza amewezaje. Akasema, "Nimeielewa tu. Lazima kaandika yule Mama Kadi wenu." Nikaangalia nyuma ya karatasi. Ni kweli, kaandika yeye. Sikula vizuri siku hiyo.

Sasa nifike kwenye lile la pampu.

Ni miaka kumi na saba iliyopita. Mume wa Mama Kadi, shemeji yetu, fundi saa mpole asiyependa maneno mengi, alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala na ulimi ukawa mzito. Mama Kadi akapewa ruhusa ya miezi miwili kumuuguza. Siku alipoondoka alikuwa amemaliza rasimu ya kitabu cha maelekezo ya pampu kubwa ya maji iliyoletwa kwenye hospitali ya wilaya. Aliiandika kwa mkono, kama anavyoandika kila kitu, na karatasi ya kaboni chini yake. Nakala ya juu alinikabidhi mimi. Alisema, "Kaka, ichape tu, uipeleke kwa mchapaji. Nimeshaisoma mara tatu."

Niliketi nayo siku mbili. Ilikuwa kazi nzuri, na ndicho kilichoniudhi. Nikaanza kubadilisha neno hapa na neno pale. Nilijiambia naipamba, ila ukweli ni kwamba nilitaka iwe na mkono wangu ndani yake, ili nikiandika jina langu kwenye jalada nisione haya. Kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na sentensi ya Kiingereza, "Never run the pump dry." Yeye alikuwa ameandika: "Usiwashe pampu ikiwa haina maji ndani." Nikaona ni lugha ya jikoni. Nikaikata, nikaandika: "Usiendeshe pampu hadi ikauke."

Kwenye jalada, chini, nikachapa: Mtafsiri. Kisha jina langu, peke yake.

Kitabu kikatoka. Mkurugenzi akasoma kurasa mbili mbele ya kikao, akasema hivi ndivyo anavyotaka kazi za idara ziwe. Watu wakanipigia makofi. Mtu aliyekaa karibu nami akaninong'oneza kwamba leo Mama Kadi angekuwepo angejifunza kitu. Nikamwambia ndiyo, ni kweli.

Wiki chache baadaye alikuja mhandisi wa hospitali. Mrefu, mwenye mikono mikubwa, na hakutaka chai. Aliweka kitabu juu ya meza ya kikao, akakifungua ukurasa wa nne, akaweka kidole.

"Fundi wangu alifuata kitabu," akasema. "Kimemwambia asiendeshe pampu hadi ikauke. Basi akaifungua, akaitoa maji yote, akaifuta kwa kitambaa. Akangoja nusu saa kuhakikisha imekauka kabisa. Ndipo akaiwasha."

Akagonga sentensi ile kwa kidole.

"Iliungua kabla hajafika mlangoni. Wodi ya wazazi imekaa siku tisa bila maji ya bomba. Manesi wamebeba ndoo kutoka kisima cha ng'ambo ya barabara. Wanawake wamejifungua kwa maji ya ndoo, na ni bahati tu hakuna aliyekufa."

Nilisoma ile sentensi pale alipoweka kidole chake. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, ila siku ile niliisoma kama mtu aliyeshika spana. Nilikusudia kusema mtu asiiendeshe pampu mpaka maji yakamwishia ndani. Ikasema kingine kabisa, tena waziwazi: kabla ya kuiendesha, ngoja ikauke.

Mkurugenzi akageuza kitabu upande wa jalada. "Umetafsiri wewe," akaniambia.

Ningesema ndiyo, jambo lingeishia hapo. Nilisema, "Rasimu ilikuwa ya Mama Kadi."

"Jina ni lako."

"Jina ni langu, mzee. Maneno ni yake. Mimi nilichapa tu."

Nimeiandika sentensi hiyo kama nilivyoitamka. Sifa nilizipokea peke yangu, na lawama nikampelekea mtu aliyekuwa nyumbani akimlisha mumewe uji kwa kijiko.

Akaitwa. Alikuja siku ya pili yake asubuhi, na mkoba wake wa kahawia, na harufu ya dawa ya kuchulia mikononi.

"Pole na mgonjwa, dada," Mkurugenzi akamwambia.

"Asante, tumeshapoa. Leo ameniita kwa jina langu."

Akaketi. Mkurugenzi akamsogezea kitabu bila kueleza. Mama Kadi akalitazama jalada, akaliona jina, akalitazama kwa muda. Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hongera, kaka. Sikujua kimeshatoka."

Sijawahi kupigwa kofi na mtu mzima, ila nadhani huwa hivyo.

Mhandisi, aliyekuwa amerudi asubuhi hiyo, akamwonyesha ukurasa wa nne na kumweleza yaliyotokea. Akasoma sentensi mara mbili. Akafungua mkoba, akatoa nakala zile za kaboni zilizokunjwa mara nne, akatafuta ukurasa, akazilaza kando ya kitabu ili kila mtu aone.

"Hii ndiyo yangu," akasema. "Ile siijui."

"Nani alibadilisha?" akauliza Mkurugenzi.

Hakunitazama. Wengine wote walinitazama. Nikasema, "Mimi."

Nilitegemea sasa atasema neno lake, na alikuwa na haki ya kusema maneno mengi. Badala yake alimgeukia mhandisi.

"Na huyo fundi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Amesimamishwa kazi."

"Kwa kosa gani?"

"Kuunguza pampu."

"Alifanya nini ambacho hakikuandikwa?"

Mhandisi akafikiri. "Hakuna. Alifuata kitabu."

"Basi mmemsimamisha kwa sababu anajua kusoma," akasema Mama Kadi, akasimama, akachukua mkoba. "Twende. Shemeji zenu wananiangalizia mgonjwa mpaka saa nane tu."

Alikwenda hospitali mchana ule ule kwenye gari la mhandisi. Aliandika barua kwa mganga mkuu akieleza kwamba kosa lilitoka kwetu, akaitia sahihi yeye, mtu pekee katika idara nzima asiye na kosa. Fundi akarudishwa kazini baada ya siku nane. Pampu mpya ilipofika, Mama Kadi alikaa naye kwenye kibanda cha pampu siku nzima, akimsomea kila sentensi na kumwambia amwonyeshe kwa mikono angefanya nini. Palipomkwaza, akabadilisha. Alirudi na kadi ya themanini na nne, na chini yake ameandika: fundi wa pampu. Msomaji anayetafuta mafanikio ya mstaafu wetu, hilo ndilo kubwa kuliko kombe la mfanyakazi bora alilopewa na shirika miaka mitatu baadaye, ambalo pia nililitaka.

Mimi nilipelekwa stoo, ghorofa ya chini, kupanga majalada ya zamani kwa mwaka mmoja bila kugusa tafsiri. Stoo haina mwangaza wa kutosha na ina mende. Nilisikia hatua za watu wakipanda ngazi kwenda kwake na kushuka. Nilidhani mwaka ule utanitoa wivu. Haukunitoa. Uliupa mahali pa kukaa na muda wa kutosha.

Mwaka ulipoisha nilipanda ngazi, nikamkuta anaandika. Hakuinua kichwa.

"Umekwenda kwa fundi?"

"Bado."

"Basi anza huko. Meza haikimbii."

Nikashuka tena. Nilimkuta fundi amelala chali chini ya sinki la jikoni la hospitali, miguu nje. Nikasema mimi ni nani. Kisha sauti ikatoka chini ya sinki: "Wewe ndiye Hadi-Ikauke?"

Nikasema ndimi.

"Nimekaa nyumbani siku kumi na nane," akasema. "Mke wangu ananiuliza kila asubuhi, umefanya kosa gani? Namwambia nilisoma. Hakuamini hata siku moja."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasahau karibu yote, nikabaki na "nisamehe" tupu. Hakusema amenisamehe. Alitoa mkono wenye tochi, akasema, "Nishikie." Nikapiga magoti kwenye maji na suruali yangu ya kazi, nikamshikia tochi hadi alipomaliza, kama dakika arobaini. Nikaondoka.

Jina hilo, Hadi-Ikauke, lilifika ofisini kabla yangu. Ninalo mpaka sasa, na wapo watumishi wapya ambao hawajui kwamba nina jingine.

Tangu hapo tulifanya kazi pamoja miaka kumi na sita. Kila nilichoandika alikisoma, na kila alichoandika alinipa nisome, pale ambapo mtu mwingine angenificha hata bahasha. Alifundisha watafsiri wapya kumi na mmoja, wote wakiwa na shahada, na wote aliwatoa nje ya ofisi wiki ya kwanza waende wakaulize. Kitabu cha maneno cha idara kilichapishwa mara tatu. "Run" ilifika kadi tisini na saba, na hapo ikasimama. Nilimuuliza kwa nini asitafute tatu tu zifike mia. Akasema hajakutana nazo. Mimi ningezibuni.

Shemeji alipona kiasi. Anatembea kwa mkongojo, na ulimi umerudi kwa kiasi cha kutosha kumtania mkewe. Mpango wa Mama Kadi baada ya Ijumaa ni kwenda naye sokoni kila asubuhi kwa miguu. Ni mwendo wa dakika kumi. Wao hutumia arobaini, kwa kuwa shemeji husimama mbele ya kila duka la saa. Anaeleza mpango huo kama watu wengine wanavyoeleza safari ya ng'ambo, na mimi, ambaye miguu yangu yote ni mizima na mke wangu naye ni mzima, nilimsikiliza nikajikuta naitamani hiyo safari ya sokoni.

Jarida hili lilikuwa limempa kazi ya wasifu huu ofisa habari wetu, kijana hodari mwenye kalamu tamu. Mama Kadi akakataa. Akamwambia Mkurugenzi wa sasa, mbele yangu, "Aandike Hadi-Ikauke."

Tulipobaki wawili nikamuuliza kwa nini mimi. Nilidhani ananikomoa.

"Wengine hapa wananipenda," akasema, huku akipanga kadi zake kwenye boksi la mwisho la makabidhiano. "Mtu akikupenda hakuangalii sana. Akiona uso wako anatosheka. Wewe umeniangalia miaka thelathini na mmoja. Unajua nimeandika nini siku gani na nilivaa viatu gani. Nani mwingine ataandika ukweli?"

Nikamsogezea mfuniko wa boksi.

"Ila pampu usiiache nje," akaongeza. "Ukiiacha, nitaisahihisha mwenyewe."

Kwa hiyo sikuiacha. Mkurugenzi alipendekeza aya zile zifupishwe kwa heshima ya jarida, Mama Kadi akamrudishia karatasi na neno moja pembeni: ibaki.

Nilitaka kufunga kwa kusema kwamba wivu umeniisha, ingependeza kwenye sherehe. Haujaisha. Jumatatu nitakaa kwenye kiti cha Mtafsiri Mkuu, kiti nilichokitaka karibu maisha yangu yote ya kazi, na nitakikalia miezi kumi na minne kabla zamu yangu nami haijafika. Siku hiyo jarida litatafuta mtu wa kuandika wasifu wangu. Nimepita vyumba vyote vya idara kwa mawazo, meza baada ya meza, nikitafuta ni nani aliyeniangalia mimi kiasi hicho, kwa upendo au kwa ubaya, na sijampata. Hilo nalo namwonea Mama Kadi wivu: kwamba alikuwa na mimi.

Dada yetu, mwalimu wetu, asante kwa kazi yako, na asante kwa kunisogezea meza tena nilipotoka stoo. Idara nzima inakuombea afya, miguu yenye nguvu, na shemeji asiye na haraka. Nenda salama. Uliyotufundisha tutayashika, na mimi nitakuwa wa kwanza kuhesabu nani anayashika vizuri kuliko mimi.